Maji ya Kiwanja cha Juu

Kijiwe chetu ni mbao mbili zilizolazwa juu ya matofali, mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi, pale barabara inapoanza kushuka. Mgongo tunaegemeza kwenye mabati ninayouza, kwa hiyo mteja wa bati akija, wote tunasimama. Wenyeji wa hapo ni wale wale. Kuna Fundi Bomba, ambaye hawezi kukaa kabla hajachungulia chemba iliyo karibu. Kuna Kinyozi, ambaye huja kunywa kahawa huku mteja amemwacha kitini na kichwa kilichonyolewa nusu. Kuna Kifungu, aliyekuwa mlinzi wa mlango kwenye mahakama ya ardhi mpaka alipostaafu; alisikia kesi nyingi nusu nusu, na hizo nusu anazitumia zote. Kahawa anatuuzia Mama Birika. Na kwenye ncha ya ubao wa pili, mahali ambapo mgeni akikaa tunamsogeza kwa adabu, hukaa Seremala. Haya ni ya Seremala na dada yake, na tulibishana msimu mzima kabla hatujajua tulichokuwa tunabishania.

Kiwanja cha mama yao kilikuwa kimoja, kirefu, kimelala kwenye mteremko. Mama alipofariki kiligawanywa kihalali, kila kipande na hati yake. Cha juu kikawa cha dada, cha chini kikawa cha Seremala, karakana mbele, chumba nyuma. Tatizo ni kwamba kule juu, chini ya udongo kidogo tu, kuna mwamba. Ukimwaga ndoo ya maji pale, yanakaa yanakutazama. Karo la choo lilichongwa kwa taabu, na likijaa huja gari kulinyonya. Lakini maji ya kuoga, ya kufua na ya jikoni hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kushuka. Bomba likatoka kwa dada, likatoboa ukuta wa mpakani, na maji yakaingia kwenye mfereji wa saruji uliopita katikati ya ua wa Seremala mpaka mtaro wa barabara ya chini. Dada alisema "nipitishe", mdogo wake akasema "pita". Mambo yakaishia hapo.

Kisha binti wa dada, anayefanya kazi nchi nyingine, akajifungua. Dada akaondoka na sanduku moja kwenda kusaidia kwa muda. Mtoto akakaa, akatambaa, akasimama dede, akaanza kuongea. Dada bado anasaidia. Halafu siku moja dalali akaingia karakanani na kumwambia Seremala kwamba nyumba ya juu imepata mnunuzi, mwanasheria wa mnunuzi amekagua kila kitu, na kimebaki kitu kidogo tu: mwenye kiwanja cha chini asaini kwamba maji ya juu yana haki ya kupita kwake, na haki hiyo iingizwe kwenye hati zote mbili. Bila hivyo mnunuzi hanunui.

Seremala alimsikiliza mpaka mwisho, akaichukua randa yake, akasema hasaini. Dalali akarudi tena na tena. Jibu likawa lile lile.

Asubuhi ninayoisimulia ilianza kama asubuhi nyingine. Kahawa ilikuwa ya moto, Kinyozi alikuwa na taulo begani.

Kinyozi: Dalali kapita tena kwangu. Ananiambia, "Mshauri mzee wenu, hayo ni maji tu."

Seremala: Maji tu? Basi ayanywe.

Fundi Bomba: Hakuna kitu kinaitwa maji tu. Maji ya nyumba yana koo zake. Ya choo ni meusi, hayo yana karo lake, na karo nalo lina umbali wake kutoka mpakani na kutoka kisimani. Hayo hayapiti kwa mtu hata kama mmezaliwa mapacha. Ya kuoga na kufua ni ya kijivu, hayo yana nafuu. Ya jikoni watu wanayaita ya kijivu pia, lakini mimi nayaogopa. Mafuta yanaganda bombani kama mshumaa. Halafu kuna ya mvua.

Kinyozi: Na ninayooshea wateja vichwa?

Fundi Bomba: Kijivu yenye nywele. Ndiyo yaliyoziba mtaro huu hapa, usijifanye umeshangaa.

Kifungu: Nyinyi mnazungumza rangi. Sheria haiulizi rangi. Sheria inauliza: haya maji yamekuja yenyewe, au yameletwa? Ya mvua yanayoteremka yenyewe, wa chini lazima ayapokee, hayana mwenyewe. Lakini yaliyopita bombani yana mwenyewe. Mwenyewe aombe.

Seremala: Basi ameomba, na mimi nimekataa. Kuna kosa?

Kifungu: Hakuna kosa.

Kinyozi: Lakini dada yako hukumkatalia.

Seremala: Dada yangu nilikuwa najua nini kinakuja.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Ana mikono mipana, vidole vina makovu ya msumeno, na kikombe kile kidogo cha Mama Birika kilipotea humo ndani.

Seremala: Alfajiri, kabla sijawasha mashine, unasikia maji kidogo tu. Ananawa uso. Baadaye yanakuja ya povu. Povu likiwa jingi anafua mashuka, basi siku hiyo hana mgeni. Yakija meupe, anaosha mchele, basi mimi mchana sipiki. Jioni yanakuja ya moto, na siku za baridi mfereji unatoa mvuke mpaka kule barabarani. Akiumwa, ua unakuwa mkavu asubuhi nzima, na mimi naacha kazi napanda kwenda kugonga. Sikuwa na haja ya kumuuliza habari yake. Ilikuwa inapita miguuni kwangu.

Mama Birika alimwongezea kahawa bila kuombwa.

Fundi Bomba: Sasa hivi mfereji si umekauka?

Seremala: Umekauka.

Fundi Bomba: Umekauka lakini unafagiwa. Nimeuona juzi nilipokuja kuchukua ngazi. Hauna hata jani.

Seremala: Mfereji usipofagiwa unaziba.

Fundi Bomba: Uzibe, kwani unapitisha nini?

Seremala alimtazama kama anavyotazama mteja aliyesema mlango utengenezwe bila bawaba. Nikaona heri niingilie kati, lakini kabla sijafungua mdomo alifika mwanamke mmoja na mfuko wa nguo mkononi. Akatusalimia vizuri, akaomba kahawa. Nilidhani anataka misumari au rangi, nikamwambia duka liko wazi. Akasema asante, apumzike kwanza, mlima umemchosha. Mama Birika akamsogezea kiti chake cha plastiki. Alikuwa mtu wa makamo, na kwenye kola ya gauni lake ilining'inia pini ya kushonea aliyoisahau. Sisi tukaendelea, kwa sababu kijiwe hakisimamishi mada kwa ajili ya mtu anayepumzika.

Kinyozi: Mimi huyo mnunuzi namtilia shaka. Mtu gani anang'ang'ania bomba hivi? Nyumba za kununua zimejaa.

Fundi Bomba: Hata mimi nisingenunua nyumba ambayo maji yake hayana pa kwenda.

Kinyozi: Sikilizeni. Dalali kateleza ulimi, kasema ni fundi cherehani. Fundi cherehani ana kazi gani na maji? Cherehani inakunywa? Huyo anatia nguo rangi. Mtashtukia asubuhi mfereji wa mzee unapita bluu, mchana mwekundu, jioni kijani.

Kifungu: Akitia rangi atakuwa amevunja matumizi. Kiwanja kile ni cha makazi. Ardhi yote ina kazi yake kwenye mpango: hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa pasiguswe. Huwezi kuamka tu ukageuza. Cherehani moja ni makazi. Cherehani mbili, makazi yenye kelele. Cherehani tatu ni kiwanda.

Mimi: Wapi imeandikwa hivyo?

Kifungu: Nilisikia kwa masikio yangu. Mlango ulikuwa wazi.

Fundi Bomba: Ulisikia mpaka wapi?

Kifungu: Mpaka wakaufunga. Na hilo si baya. Baya ni hili: maji yakipita kwako miaka na miaka na wewe umenyamaza, yanajichumia haki. Leo ni bomba. Kesho fundi wa bomba naye anataka njia ya kupita kulikagua. Keshokutwa ile njia inawekwa geti. Mzee anaamka, karakana yake iko uani kwa mtu.

Kinyozi: Subiri. Kwa hiyo mimi nikipita mbele ya benki kila siku, miaka na miaka, nikanyamaza?

Kifungu: Unapata haki ya kupita.

Kinyozi: Na ya kuingia?

Kifungu: Kupita tu.

Kinyozi: Sheria gani hiyo ya kunichosha miguu! Lakini mimi nimeshaona mbali zaidi. Huyo mnunuzi ametumwa. Nyuma yake kuna kampuni. Wanatafuta mteremko, wanakusanya maji ya juu yote, wanayashusha kwa mzee, huko chini wanayasafisha, wanatuuzia kwenye chupa. Sisi wenyewe tunakunywa tulichoogea.

Fundi Bomba: Kwa nyumba moja? Watajaza chupa ngapi?

Kinyozi: Wanaanza na moja.

Kifungu: Na ule mvuke aliousema mzee, siku za baridi? Ukipanda juu si wa dada tena wala si wa mzee. Anga ni ya serikali. Kampuni ikinasa mvuke itabidi ikaombe kibali huko.

Hata Seremala alicheka, kidogo. Yule mwanamke naye alitabasamu ndani ya kikombe. Kisha akakiweka chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani kaka zangu. Huyo dada, yeye mwenyewe amesema anarudi?

Nilimtazama Kifungu. Kifungu alimtazama Fundi Bomba. Fundi Bomba aliinamia chemba. Kinyozi, ambaye ana jibu hata la swali ambalo halijaulizwa, alianza kukunja taulo lake. Msimu mzima tulikuwa tumejadili mwamba, bomba, mipaka, mashimo na anga ya serikali. Hilo hatukuwahi kuuliza.

Seremala: Wewe ni nani, mama?

— Mimi ndiye mnunuzi. Nilikuwa nakuja kwako, nikasikia mnanizungumzia, nikaona nikae kwanza.

Kinyozi alisema anamsikia mteja wake anamwita. Hakuna aliyemsikia huyo mteja, na yeye mwenyewe hakunyanyuka.

Seremala: Nani kakwambia uje?

— Hakuna. Dalali alisema wewe ni mkorofi, nikataka nikuone mwenyewe. Mimi sitii nguo rangi, kaka. Nina cherehani mbili, moja mbovu. Nimepanga nyumba za watu tangu niolewe mpaka nikawa mjane. Kila nikizoea dirisha, naambiwa nihame. Nimeingia ile nyumba mara moja tu, na usiku sikulala nikipanga meza itakaa wapi. Lakini kama mwenye nyumba anarudi, niambie ukweli, nikatafute pengine. Sitaki kukaa mahali pa mtu anayesubiriwa.

Seremala: Sijui kama anarudi.

— Hukumuuliza?

Seremala: Sikumuuliza.

Alisema hivyo akitazama barabara. Mama Birika, ambaye kwa kawaida haingilii, aliiweka birika chini.

Mama Birika: Mpigie, kaka. Mpigie sasa hivi, sisi tupo.

Nilidhani atakasirika na kuondoka. Badala yake alichomoa simu kwenye mfuko wa aproni, akapuliza vumbi la mbao, akabonyeza. Mashine ya randa imemla masikio siku nyingi, kwa hiyo simu yake huwa kwenye spika, na mambo yake mtaa mzima huyajua. Iliita mpaka tukaona haitapokelewa.

— Haloo? Mdogo wangu? Kuna nini? Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa, dada. Shikamoo.

— Marahaba. Mbona unapiga mchana? Karakana hujafungua?

— Nimefungua. Niko kijiweni. Hujambo wewe? Magoti?

— Magoti yako hapa hapa, hayajaenda popote. Umekula?

— Bado.

— Najua bado. Sema basi kilichokufanya upige.

Nyuma yake mtoto alikuwa akigonga kitu cha bati na kuimba. Seremala aliisogeza simu karibu na mdomo, kama vile kufanya hivyo kungetuzuia sisi kusikia.

— Yule mnunuzi yuko hapa. Anauliza kama unarudi.

Mtoto kule akaendelea kuimba.

— Wewe umesaini?

— Nimekataa.

— Umekataa mpaka leo?

— Mpaka leo.

Tukasikia kitu. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Halafu nikawa sina uhakika tena.

— Wallahi wewe! Mwanangu aliponiambia, "Mama, tuuze ile nyumba, inaoza bure," nikasema sawa. Mkwe wangu akasema sawa. Dalali akasema sawa sawa. Kila mtu sawa. Usiku nikajilaza nikajiambia, yuko mmoja kule chini, huyo sawa haimtoki mdomoni. Ndipo usingizi ukanijia.

— Sasa mbona hukuniambia nikatae?

— Ningekwambia, kukataa kungekuwa kwangu. Nilitaka kuwe kwako.

Seremala alipangusa uso kwa kiganja, na vumbi la mbao likamwachia mstari shavuni.

— Basi rudi, dada. Nimekataa, nyumba ipo. Nitakupigia deki, nitapaka chokaa. Rudi tu.

— Ule mlima siuwezi tena. Hapa naoga nimekaa kwenye kiti, mwanangu ananishika mkono kama mtoto. Na huyu mjukuu halali bila mimi kumpigapiga mgongo. Nikiondoka atanitafuta.

— Na mimi je?

Seremala ana mvi kichwa kizima. Alilisema lile neno kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na sidhani kama alikumbuka kuwa tuko pale.

— Na wewe nakutafuta mimi, alisema dada. Kila siku nikimwaga maji hapa, yanaingia kwenye tundu, yanapotea. Sijui yanakwenda kwa nani.

— Kwa hiyo hurudi.

— Nitakuja kukuona, Mungu akijalia. Kukaa, hapana.

— Sema vizuri.

— Sirudi, mdogo wangu.

Aliinamisha kichwa. Fundi Bomba, ambaye muda wote alikuwa amesimama, alikuja akakaa kando yake, bega kwa bega.

— Huyo mama yuko hapo? aliuliza dada. Nipe niongee naye.

Seremala akainyoosha simu. Fundi cherehani aliipokea kwa mikono miwili, akaamkia.

— Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Dirisha la jikoni, lile la pili, halifungi. Lisukume kutoka chini, siyo katikati. Chumba cha nyuma kina joto, usiweke mtoto. Mafuta ya kukaangia usimwage kwenye sinki, huyo hapo chini atakupigia kelele, na ana haki. Na asubuhi utamsikia anakohoa mara moja tu ukutani. Haumwi. Anakusalimia. Na wewe mjibu, ukikaa kimya atajua una jambo.

— Nimesikia, mama.

— Haya. Mrudishie simu. Mdogo wangu?

— Nipo.

— Msainie. Ulinikatalia vizuri. Umenikatalia vya kutosha. Ahsante.

Kabla hajajibu, mtoto kule aliangusha kile kitu cha bati, dada akaita jina lake kwa ukali wa mapenzi, na simu ikakatika. Seremala aliendelea kuishika mkononi. Mama Birika aliinua birika ili atumiminie, ikatoka tone moja na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Siku nyingine hapo ndipo tunapoagana. Siku ile tulibaki tumeshika vikombe vitupu, na mteja wa Kinyozi alikuja kusimama mbele yetu na nusu ya kichwa chake, akatutazama, naye akatafuta pa kukaa.

Wiki iliyofuata Seremala alimpandisha fundi cherehani mpaka nyumba ya juu, wakaushuka mfereji pamoja, Fundi Bomba mbele yao. Yakakubaliwa hivi: bomba jipya lifukiwe ardhini pembeni ya ua, lisipite tena katikati, jikoni kuwekwe kisanduku cha kunasa mafuta, ya kuoga, ya kufua na ya jikoni yapite, ya choo yasivuke mpaka kwa hali yoyote. Kazi ya kushona nyumbani, tuliambiwa, haina tatizo mradi asitundike bango wala kuajiri watu bila kuomba kibali cha kubadili matumizi. Kifungu alisema ndivyo alivyosema tangu mwanzo.

Tulikwenda ofisi ya ardhi wanne: Seremala, fundi cherehani, Kifungu na mimi kama mashahidi. Karatasi za dada zilikuwa zimeshafika kwa dalali, na saini yake. Kifungu alivaa suti. Ofisini feni ilikuwa inazunguka polepole, na foleni ilifika nje. Karani, msichana mwenye miwani, alitusomea makubaliano yote kwa sauti, kisha akaeleza kwamba haki hii ni ya kiwanja, siyo ya mtu. Nyumba ikiuzwa tena, maji yataendelea kupita. Karakana ikirithiwa, maji yataendelea kupita.

— Hata sisi tukifa? aliuliza Seremala.

— Hata mkifa, mzee. Yatapita.

Aliridhika na hilo kuliko nilivyotarajia. Akachukua kalamu, akasaini polepole, herufi kubwa kubwa kama anazichonga. Fundi cherehani akasaini baada yake, wino ukamtoka nje ya mstari, akaniomba radhi kana kwamba karatasi aliyoichafua ni yangu.

— Bado moja, alisema karani. Fomu inauliza, mwenye kiwanja cha juu ni nani kwako?

— Dada yangu.

Karani alimtazama fundi cherehani, akatazama majina, ambayo hayakufanana hata kidogo.

— Huyu ni dada yako?

— Huyu, hapana. Dada yangu ni yule anayeuza. Huyu ni jirani yangu. Waandike wote.

— Nafasi ni ya neno moja tu, mzee. Niandike nini?

Nilimtazama Kifungu, nikitumaini kwamba kuna kesi aliyowahi kuisikia hata robo. Alikuwa anasoma tangazo ukutani. Fundi cherehani alikuwa ameinamia mkoba wake akitafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Seremala alisimama pale na vidole vyake vipana juu ya meza, akaangalia ile nafasi tupu.

— Andika jirani, alisema mwishoni. Dada yangu hahitaji kuandikwa.

Karani akaandika, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.